Cheti cha Afya kwa Rubani Aliyewahi Kutumia Dawa za Sonona

Je, mtu aliyewahi kutibiwa sonona anaweza kuwa rubani? Swali hili huwahusu vijana wanaotamani kurusha ndege, wazazi wanaowalipia ada, marubani walio kazini, na hata abiria anayefunga mkanda wake na kuyakabidhi maisha yake kwa watu wawili asiowaona. Hata hivyo, wengi hujijibu wenyewe kabla ya kuuliza. Wako wanaoamini kwamba dawa moja iliyoandikwa katika faili la hospitali inatosha kuwafungia mlango wa urubani maisha yao yote. Kwa hofu hiyo, baadhi huiacha ndoto yao, baadhi huificha historia yao, na wengine huyaacha matibabu ambayo bado wanayahitaji.

Makala hii inaeleza kanuni zinavyosema, sababu za kanuni hizo, na hatua ambazo mwombaji anapaswa kuzifuata. Jibu fupi ni kwamba kutumia dawa za sonona hakumwondoi mtu katika urubani moja kwa moja. Kunaweza kumchelewesha, na kutamtaka alete ushahidi wa kutosha kuhusu afya yake. Kuficha, kwa upande mwingine, kunaweza kumgharimu leseni, na kunaweza kuwagharimu watu wengine uhai.

Cheti cha afya ni nini?

Leseni ya urubani inathibitisha kwamba mtu anajua kurusha ndege. Cheti cha afya kinathibitisha kwamba mwili na akili yake vinamwezesha kufanya kazi hiyo kwa usalama. Leseni bila cheti cha afya kilicho hai haimruhusu mtu kushika usukani wa ndege.

Chimbuko la utaratibu huu ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulioweka msingi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Kiambatisho cha 1 cha mkataba huo ndicho kinachoweka viwango vya leseni na vya afya. Nchi wanachama, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, huviingiza viwango hivyo katika kanuni zao.

Vyeti vimegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la marubani wa biashara na wa mashirika ya ndege. Daraja la pili ni la marubani binafsi, yaani wale wasiolipwa kwa kurusha ndege. Daraja la tatu ni la waongoza ndege. Kwa kawaida cheti cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, na kwa baadhi ya marubani, kutegemea umri na aina ya safari, hudumu miezi 6 tu. Kwa hiyo uchunguzi wa afya hurudiwa muda wote ambao rubani yuko kazini.

Watu wawili wanahusika katika utoaji wa cheti, na ni vema msomaji awatofautishe. Wa kwanza ni daktari mpimaji, aliyepata mafunzo ya tiba ya usafiri wa anga na kuteuliwa na mamlaka ya nchi. Huyu ndiye anayeonana na mwombaji na kumpima. Wa pili ni mtathmini wa afya, ambaye ni daktari wa mamlaka yenyewe. Huyu huzipitia taarifa za wapimaji na kuamua yale mashauri ambayo hayawezi kumalizwa katika chumba cha daktari. Mashauri ya dawa za sonona mara nyingi huishia kwa huyu wa pili.

Kwa nini dawa hizi huulizwa?

Mtathmini hupima mambo mawili: ugonjwa wenyewe, na dawa inayoutibu.

Sonona si huzuni ya siku moja. Ni maradhi yanayoweza kumnyima mtu usingizi, kumpunguzia umakini, kumfanya achelewe kuamua, na kumwondolea hamu ya mambo aliyoyapenda. Inapokuwa kali, humletea mtu mawazo ya kujidhuru. Rubani anayetua katika mvua na upepo wa ubavuni anahitaji umakini uleule ambao sonona huudhoofisha. Isitoshe, maradhi haya yana tabia ya kurudi, na ndiyo sababu mtu aliyepona pia huulizwa.

Dawa nazo hutofautiana. Kuna kundi la zamani, ambalo mojawapo inayofahamika sana katika hospitali zetu ni amitriptilini. Dawa hii husababisha usingizi, na yaweza kumfanya mtu aone kizunguzungu anaposimama au asione vizuri vitu vya karibu. Kuna kundi jipya zaidi, lenye dawa kama fluoksetini, sertralini, sitalopramu na esitalopramu, ambalo kwa kawaida halilevyi usingizi kiasi hicho. Hata hivyo, katika majuma ya mwanzo dawa za kundi hili zaweza kuleta kichefuchefu, wahaka au usingizi wa mang'amung'amu, na nafuu yenyewe huchukua majuma kadhaa kuonekana. Ndiyo maana hakuna mamlaka inayomruhusu mtu kurusha ndege siku chache baada ya kuanza dawa au baada ya kubadilishiwa dozi.

Hapa lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa kipandauso, na wakati mwingine kwa ukosefu wa usingizi. Mtu anaweza kuimeza kwa miezi mingi bila kujua kwamba ni dawa ya kundi la sonona. Kwa hiyo kila mwombaji ajue jina la kila dawa aliyopewa na sababu ya kupewa. Kumbukumbu ya aina ya "nilipewa vidonge vidogo vya maumivu" haimsaidii daktari mpimaji, wala haimkingi mwombaji.

Kanuni ya kimataifa inasemaje?

Kiambatisho cha 1 kinaelekeza kwamba mwombaji mwenye sonona anayetibiwa kwa dawa anapaswa kuhesabiwa kuwa hafai, isipokuwa pale ambapo mtathmini wa afya, baada ya kupata maelezo kamili ya shauri lake, ataona kwamba hali ya mwombaji haielekei kuathiri usalama wa kazi yake.

Maelekezo haya yana sehemu mbili, na watu wengi husoma ya kwanza pekee. Sehemu ya kwanza inaweka tahadhari. Ya pili inafungua njia, kwa sharti moja kubwa: mtathmini lazima awe na maelezo kamili. Hawezi kumruhusu mtu kwa taarifa pungufu, hata kama mtu huyo amepona kabisa. Kwa maneno mengine, nyaraka za matibabu ambazo mwombaji anaogopa kuzionyesha ndizo hasa zinazoweza kumsaidia.

Kiambatisho hichohicho kinamtaka mwombaji kusaini tamko kuhusu historia ya afya yake, na kinaelekeza kwamba tamko la uongo liripotiwe kwa mamlaka iliyotoa leseni ili ichukue hatua. Kwa upande wa pili, kinaagiza kwamba siri ya mgonjwa iheshimiwe wakati wote, na kwamba kumbukumbu za afya zitunzwe mahali salama na zisomwe na waliopewa idhini tu.

Mfano wa Marekani

Kila nchi hutunga utaratibu wake ndani ya viwango hivyo, na kwa hiyo masharti hutofautiana. Tunaueleza utaratibu wa Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, umeandikwa kwa kina na unaonyesha vizuri jinsi watathmini wanavyofikiri. Pili, baadhi ya vijana wa Afrika Mashariki husomea urubani huko, na mwanafunzi hawezi kurusha ndege peke yake bila cheti cha afya.

Kwa miaka mingi Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) ilikuwa haimruhusu rubani yeyote anayetumia dawa za sonona. Tarehe 5 Aprili 2010 ilibadilisha msimamo huo. Dawa nne zilikubaliwa kwa kibali maalumu: fluoksetini, sertralini, sitalopramu na esitalopramu. Mwombaji alitakiwa awe ametulia kwa miezi 12 akitumia dawa hiyo bila kubadilishiwa. Muda huo wa kusubiri ulikuja kupunguzwa baadaye, na dawa nyingine zikaongezwa katika orodha. Wakati sera hiyo inatangazwa, marubani waliokuwa wakificha matumizi ya dawa walipewa miezi 6 ya kujitokeza bila kuadhibiwa na mamlaka hiyo kwa kosa la kuficha. Mamlaka ilitambua kwamba katazo lake la awali halikuwa limewaondoa angani marubani wenye sonona. Baadhi yao lilikuwa limewanyamazisha tu.

Anayeendelea kutumia dawa nchini humo hupitia kwa daktari mpimaji mwenye mafunzo ya ziada. Huandaa maelezo yake binafsi, taarifa ya daktari anayemtibu, na taarifa ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Hufanyiwa pia vipimo vya umakini, kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Rubani wa shirika la ndege huongezewa taarifa kutoka kwa mkuu wa marubani kuhusu mwenendo wake kazini. Sera ya mwaka 2010 haikuwafungulia njia hii waliowahi kupoteza uhalisia wa mambo, waliowahi kuwa na mawazo ya kujiua, au wanaohitaji dawa kadhaa za akili kwa wakati mmoja.

Aliyeacha dawa kwa ushauri wa daktari alitakiwa chini ya utaratibu huo kusubiri siku 60, kisha alete taarifa inayoonyesha kwamba ametulia. Tangu mwaka 2024 waliotibiwa hali isiyo na matatizo makubwa, na walioacha dawa zaidi ya miaka 2 iliyopita, wanaweza kupewa cheti na daktari mpimaji mwenyewe endapo masharti mengine yametimia.

Dhana ya kuruhusu marubani wanaotibiwa haikuanzia Marekani. Australia ilitangulia kwa miaka zaidi ya 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliotumia kumbukumbu za nchi hiyo za kati ya mwaka 1993 na 2004, ulilinganisha wana-anga waliokuwa wakitumia dawa za sonona chini ya uangalizi na wenzao wasiozitumia. Haukuona tofauti kubwa katika idadi ya ajali na matukio ya hatari baina ya makundi hayo mawili.

Msomaji azingatie kwamba kibali cha nchi moja hakiilazimishi nchi nyingine. Kijana aliyepata cheti ughaibuni anaweza kuulizwa maswali yaleyale atakaporudi nyumbani, na majibu yake yanapaswa kulingana na yale aliyoyatoa mwanzo.

Hatua za kufuata

Chukulia, kwa mfano tu, kijana wa miaka 24. Akiwa mwaka wa mwisho wa chuo alifiwa na mama yake. Alikosa usingizi, akakonda, akashindwa kusoma. Daktari alimwandikia sertralini, akaitumia kwa miezi 8, akapata nafuu, na dawa ikasitishwa taratibu. Miaka 2 baadaye anajaza fomu ya uchunguzi wa afya ili aanze masomo ya urubani. Anafika kwenye swali linalouliza kama amewahi kuugua au kutibiwa maradhi yoyote ya akili, ikiwamo sonona. Familia yake imeshauza kiwanja ili kupata ada. Afanyeje?

1. Akusanye nyaraka kabla ya kujaza fomu. Aende hospitali alikotibiwa na aombe muhtasari wa matibabu wenye tarehe ya kuanza, jina la dawa na dozi, tarehe ya kuacha, na maoni ya daktari kuhusu hali yake alipoacha. Kumbukumbu za zamani hupotea, kwa hiyo asingoje mpaka zihitajike.

2. Aonane na daktari bingwa wa afya ya akili kwa tathmini mpya. Taarifa inayofaa haisemi tu kwamba "mgonjwa anaendelea vizuri". Hueleza ugonjwa ulikuwa upi, ulisababishwa na nini, ulikuwa mkali kiasi gani, kama uliwahi kurudi, kama palikuwa na mawazo ya kujidhuru, na kuna uwezekano gani wa kurudi.

3. Azungumze na daktari mpimaji kabla ya siku ya kupimwa. Mwombaji anaweza kuomba ushauri wa awali, akaeleza historia yake na kuuliza ni nyaraka zipi zitahitajika. Hatua hii huokoa miezi ya kuandikiana barua.

4. Ajaze fomu kwa ukweli na kwa ufupi. Swali likiulizwa, ajibu ndiyo, ataje mwaka, dawa na matokeo, kisha aambatanishe nyaraka. Maelezo ya kurasa nyingi ya kujitetea hayahitajiki.

5. Ajiandae kusubiri. Shauri likipelekwa kwa mtathmini, uamuzi unaweza kuchukua majuma au miezi. Mwombaji atunze nakala ya kila karatasi aliyoiwasilisha na tarehe aliyoiwasilisha.

6. Asilipe ada kubwa kabla ya kupata cheti. Huu ndio ushauri muhimu kuliko wote kwa mzazi au mlezi. Mafunzo ya urubani ni ghali, na mikataba mingi ya vyuo ina masharti magumu kuhusu kurejesha ada. Uchunguzi wa daraja la kwanza ufanyike kwanza, hata kama mwanafunzi ataanza na leseni binafsi inayohitaji daraja la pili. Mzazi akiulizia chuo, aulize pia kwa maandishi: mwanafunzi akikosa cheti cha afya, ada itarejeshwa kiasi gani?

Kijana wa mfano wetu ana shauri jepesi kadiri mashauri ya namna hii yanavyokwenda. Chanzo cha ugonjwa kinaeleweka, ulitokea mara moja, alitumia dawa moja, na muda wa kutosha umepita. Akiweka nyaraka zake mezani, ana tumaini la kweli. Akijibu "hapana", amegeuza shauri la kitabibu kuwa shauri la uaminifu, na la pili hili halina kidonge.

Makosa manne ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuficha. Kumbukumbu za bima ya afya, za maduka ya dawa na za hospitali hudumu muda mrefu, na huweza kufunguliwa wakati wa uchunguzi wa ajali au wa madai ya bima. Nchini Marekani, kutoa tamko la uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 5.

Kosa la pili ni kuacha dawa ghafla ili jibu la "situmii dawa yoyote" liwe la kweli siku ya kupimwa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, wahaka, hasira na kukosa usingizi, na kunaweza kuurudisha ugonjwa. Dawa husitishwa na daktari, hatua kwa hatua, pale afya inaporuhusu. Mtu anayehitaji dawa na anaitumia yuko salama kuliko yule anayeihitaji na ameiacha.

Kosa la tatu ni kujinunulia dawa dukani bila cheti cha daktari. Mbali na hatari ya kiafya, mtu huyo hatakuwa na daktari wa kumwandikia taarifa atakapoihitaji.

Kosa la nne ni kuendelea kurusha ndege wakati afya imetetereka. Kanuni za kimataifa zinamkataza mwenye leseni kutumia haki za leseni yake pindi anapotambua kwamba afya yake imepungua kiasi cha kumzuia kufanya kazi kwa usalama. Cheti kilicho mfukoni hakiondoi wajibu huo. Rubani aliyeanza dawa mpya leo hapaswi kungoja uchunguzi wa mwaka ujao ili aseme.

Je, abiria awe na wasiwasi?

Ni haki ya abiria kuuliza. Wengi wanaikumbuka ndege ya Germanwings iliyokuwa ikitoka Barcelona kwenda Düsseldorf tarehe 24 Machi 2015. Rubani msaidizi aliiangusha kwa makusudi katika milima ya Alpi nchini Ufaransa, na watu wote 150 waliokuwamo walifariki. Ilibainika kwamba aliwahi kutibiwa sonona miaka ya nyuma na kwamba mamlaka ilijua hivyo. Wapo waliohitimisha kwamba kosa lilikuwa kumruhusu mtu aliyewahi kuugua.

Taasisi ya Ufaransa ya kuchunguza ajali za ndege (BEA) ilitoa ripoti yake mwaka 2016, na ripoti hiyo inafundisha jambo zito zaidi. Ugonjwa ulimrudia rubani yule katika miezi ya mwisho, akaonana na madaktari kadhaa, lakini hakumwambia mwajiri wala mamlaka, akaendelea kufanya kazi. Miongoni mwa mambo ambayo wachunguzi waliyataja ni hofu yake ya kupoteza haki ya kurusha ndege, pamoja na hasara ya kifedha ambayo ingemfika. Walitaja pia kutokuwapo kwa maelekezo yaliyo wazi kwa madaktari kuhusu wakati gani usalama wa umma unashinda siri ya mgonjwa.

Kutokana na funzo hilo, Umoja wa Ulaya uliyataka mashirika ya ndege kuwa na mipango ya marubani kusaidiana, ambamo rubani mwenye shida huzungumza kwa siri na rubani mwenzake aliyepewa mafunzo. Sharti hilo lilianza kutumika Februari 2021. Lengo ni kuwafanya watu waseme mapema, wakati msaada bado ni rahisi.

Kwa hiyo rubani ambaye maradhi yake yanajulikana, yametibiwa, yanafuatiliwa na madaktari, na yuko tayari kusimama pembeni anapotetereka, hapaswi kumtia abiria hofu. Wa kuhofiwa ni yule anayeumia kimya kwa kuwa anaamini kwamba akisema amekwisha. Tunapowadhihaki watu kwa maneno kama "kichaa" au "mwehu" kwa sababu tu wameonana na daktari wa akili, tunawafundisha wengine kunyamaza, wakiwamo wale wanaotubeba angani.

Ombi likikataliwa

Kukataliwa hakumaanishi kukataliwa milele. Mara nyingi uamuzi husema "hafai kwa sasa", kwa kuwa muda wa kutulia haujatosha au nyaraka zimepungua. Mwombaji aombe sababu kwa maandishi, aulize ni ushahidi gani ungebadilisha uamuzi na ni baada ya muda gani anaweza kuomba tena. Aulize pia utaratibu wa kuomba uamuzi upitiwe upya. Wakati mwingine hutolewa cheti chenye masharti, kama vile kuruka pamoja na rubani mwingine mwenye sifa, au kuleta taarifa ya daktari kila baada ya miezi kadhaa. Masharti hayo si adhabu, na mengi huondolewa kadiri muda unavyopita kwa utulivu.

Rubani aliyeko kazini aulize mapema kama mwajiri wake ana bima ya kupoteza leseni, yaani bima inayomlipa rubani anaposimamishwa kwa sababu za afya. Asome pia kama bima hiyo inahusisha maradhi ya akili, kwa sababu si zote zinazohusisha. Anayejua kwamba watoto wake watakula hata akikaa chini miezi sita atasema ukweli kwa wepesi zaidi.

Neno la mwisho

Mwombaji au rubani anayesoma makala hii akiwa katika matibabu, jambo la kwanza ni afya yako. Endelea na dawa uliyoandikiwa, na usikose miadi ya daktari. Ikiwa una mawazo ya kujidhuru, usisubiri kesho: mwambie mtu wa karibu sasa hivi na uende kituo cha afya kilicho jirani. Urubani unaweza kungoja. Jambo la pili ni nyaraka zako: zitafute na uzitunze. La tatu ni ukweli, useme mapema, kwa daktari mpimaji, kabla hujaulizwa mara ya pili.

Kwa masharti yanayotumika nchini kwa wakati huu, pamoja na orodha ya madaktari wapimaji walioteuliwa, fika katika ofisi inayoshughulikia leseni za wana-anga. Ushauri huo hauhitaji uwe umelipia chuo chochote, na ni afadhali uuombe kabla ya kulipia.